Mjane wa Ghorofa ya Tatu

Sehemu ya Kumi na Moja

"Wewe ndiwe mke wa mume wangu."

Maneno hayo tuliyaacha hewani Jumamosi iliyopita, na aliyeyatamka alikuwa bado mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, pindo la buibui lake limeshika vumbi la saruji.

Kama ulitukosa wiki zilizopita, shika haya machache. Wanza ni mhandisi wa faiba, zile kebo za kioo za intaneti, mtoto wa kijiji cha Miasenyi, kwenye barabara kuu ya kwenda Mombasa. Yeye ndiye aliyechora njia zote za kebo katika jengo jipya la ghorofa sita mjini Voi, na sasa anasimamia kazi ya kuziweka. Mwenye jengo alikuwa Mwinyihaji, mfanyabiashara, aliyekufa kwa ajali ya barabarani karibu miezi mitano iliyopita. Bi Mwanabibi, huyu aliye mlangoni, ni mjane wake. Wanza naye ni mjane wake. Alisilimu, akaolewa kwa siri huko Mombasa, na aliamini siri hiyo inajulikana na watu watatu tu walio hai: yeye, mama yake mzazi, na Munir, mdogo wa marehemu, aliyekuwa shahidi wa ndoa.

Basi tuendelee.

Wanza hakushtuka. Alikuwa ameketi mbele ya mashine ya kuungia nyuzi, ndani ya chumba cha mitambo cha ghorofa ya tatu, ameshika uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Aliulaza uzi kwenye mashine, akafunga kifuniko, akangoja cheche iyeyushe ncha mbili ziwe moja. Ndipo alipogeuka.

"Ndiyo," alisema.

Najua, msomaji, ulingoja kofi. Hata Wanza alilingoja, tena kwa utulivu, kama mtu anayengoja foleni isogee. Halikuja. Mwanabibi alifunga mlango, akatafuta kiti kwa macho, akakikosa, akaketi juu ya gurudumu tupu la kebo.

Alisema alimjua kwa sauti. Siku ya ajali mwanamke fulani alimpigia kwa simu ya Mwinyihaji, akajifanya mpita njia, akamwambia, "Bi Mwana, njooni Miasenyi." Jina hilo la Bi Mwana hakuna aliyelitumia ila mumewe, wakiwa wawili. Kisha Mwanabibi akaingia eda. Mikutano ya jengo ikawa inafanyika barazani kwake, mafundi nje, yeye ndani nyuma ya pazia. Siku moja mhandisi akaanza kueleza kwa nini jengo linahitaji njia mbili za kebo, moja ikipanda upande wa mashariki na nyingine magharibi, ili hii ikikatika ile ibebe. Nyuma ya pazia, Mwanabibi akawa hasikii tena habari ya kebo. Alikuwa anasikiliza sauti.

"Muda wote huo ulijua," Wanza alisema.

"Nilijua."

"Na hukunifukuza."

"Kazi ulikuwa unaifanya vizuri." Mwanabibi alizitazama nyuzi zilizopangwa kwa rangi zake kwenye kisanduku. "Tena nilitaka kuona utakuja lini kudai. Hukuja."

 Tangu siku Wanza aliposimama kando ya barabara kuu katikati ya watu, gari la mumewe likiwa limeingia chini ya lori lililoharibika, na askari akimwambia asogee nyuma na wenzake, hakuna kitu kilichomgusa. Hakulia pale. Hakulia nyumbani. Jumatatu alivaa ovaroli, akaja Voi, akaendelea kuvuta kebo pale alipoachia. Chakula kilipita kinywani bila ladha. Watu walimsemesha, akaona midomo ikicheza.

"Eda hukukaa," Mwanabibi alisema.

"Ningekaa eda ya nani? Tena wapi?"

Mwanabibi alipangusa vumbi kwenye pindo la buibui lake. Kisha akauliza jambo ambalo Wanza hakulitarajia kabisa.

"Siku ile, kwako, alikula nini?"

"Chapati na ndengu."

"Ndengu." Mwanabibi alilirudia neno hilo polepole. "Miaka ishirini na miwili akinambia ndengu zinamchoma kifua."

Hakuna aliyecheka. Na kabla halijasemwa lingine, mlango uligongwa.

Alikuwa Sylus, fundi mkuu wa Wanza, mtu wa makamo kutoka Bura ambaye hana kawaida ya kukimbia ngazi. Siku hiyo alikuwa amezikimbia.

"Madam, laini za benki zimelala," alisema. "Zote mbili."

Hapo lazima nikueleze uzito wa habari hiyo. Benki moja ilikuwa imekubali kuchukua ghorofa ya nne yote, kwa sharti kwamba laini zake zipite majaribio. Asubuhi hiyo afisa wa mitambo wa benki, mwanamke anayeitwa Wendy, alikuwa chini na kipimo chake mkononi. Benki ikiondoka, chuo kilichotaka ghorofa ya tano kingesita, na zahanati nayo ingesita. Munir, aliyejifanya msimamizi wa jengo tangu kaka yake afe, alishasema wazi kuwa jengo lisipopata wapangaji litauzwa, na kwamba mnunuzi yupo.

Jana jioni laini zile zilikuwa zinapita. Wanza mwenyewe alizipima.

Njia moja ikifa, unaweza kusema ni bahati mbaya. Zikifa mbili, moja mashariki na moja magharibi, usiku mmoja, basi kuna mkono wa mtu. Wanza aliliwaza hilo bila moyo kwenda mbio, akachukua kitochi chake cha mwanga mwekundu, akateremka. Nyuma yake alisikia nyayo za Mwanabibi.

Chini Munir alikuwa ameshaanza. Alikuwa akimweleza Wendy kwamba mhandisi huyu aliletwa na marehemu kwa huruma tu, kwamba kazi ni mbovu tangu mwanzo, na kwamba yeye kama familia anaomba radhi. Alipomwona Mwanabibi akitokea kwenye ngazi aliacha sentensi katikati. Alimwambia shemeji yake kwamba hapa si mahali pake, vumbi litamdhuru. Mwanabibi alimpita, akasimama karibu na Wanza.

Wanza alichomeka kitochi kwenye ncha ya uzi wa njia ya mashariki. Mwanga huo husafiri ndani ya kioo mpaka mwisho, lakini kioo kikikatika, huvuja palepale. Alimwomba Sylus azime taa za veranda kila ghorofa, wakapanda, wote wanne nyuma yake, macho darini.

Ghorofa ya pili, kwenye mwanya wa dari, kulikuwa na wekundu kama kaa la sigara.

Sylus alipanda, akasogeza kibao cha dari, akaishusha kebo. Ilikuwa imekatwa. Munir alisema ni panya. Sylus alimwonyesha ncha yenyewe, imenyooka kama iliyopitishwa koleo.

Wakarudi kujaribu njia ya magharibi. Huko hawakuhitaji kupanda darini. Ghorofa ya kwanza, chini ya mlango wa chumba cha mita za stima, mwanga mwekundu ulikuwa umelala sakafuni.

Mlango ulikuwa na kufuli. Wanza aliuliza nani ana ufunguo, ingawa alijua. Sylus alijua. Hata walinzi walijua. Ufunguo wa chumba hicho ulikuwa mmoja, na ulikuwa kwenye pete moja na ufunguo wa gari la Munir.

Mwanabibi alinyoosha mkono. "Nipe."

Munir alitoa pete ile polepole. Mlango ukafunguliwa, na kebo ikaonekana ukutani, imegawanyika, ncha yake inawaka. Wendy aliitazama, kisha akamtazama Munir, na uso wake ukabadilika kuwa uso wa kikazi.

Mtu mwingine angetafuta uongo wa pili. Munir hakuutafuta. Alimgeukia Wanza, na alichosema alikisema kwa sauti ya kutosha kufika mpaka kwa mafundi waliokuwa wamesimama kwenye ngazi.

"Kabla hamjaniuliza mimi habari ya kufuli, muulizeni huyu tumbo lake ni la nani."



Ovaroli ya Wanza ilikuwa kubwa kuliko mwili wake, na aliivaa hivyo kwa makusudi. Mimba ile alikuwa ameitamka mbele ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ameshazikwa. Munir aliijuaje, hakujua; sasa aliisikia ikitajwa mbele ya mafundi na afisa wa benki, na ilikuwa kama kusikia habari za jirani wa mbali. Alisubiri aibu. Haikuja. Alijiuliza kama vitu vyote vimekufa ndani yake isipokuwa kile kimoja kilichokuwa kikipiga teke.

Munir aliendelea. Alisema mwanamke huyu alikuwa hawara wa kaka yake, anayetaka kubandika mtoto wa haramu kwenye mali ya watu.

"Ulikuwa shahidi, Munir," Wanza alisema. "Ulikaa kulia kwake."

Munir alisema hajawahi kuona ndoa yoyote. Alilisema hilo bila kupepesa, na hapo Wanza alielewa yote kwa mpigo. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, kama Mwinyihaji hakuacha mtoto, sehemu kubwa ya jengo hili inamwangukia mdogo wake. Akizaliwa mtoto wa kiume, Munir hapati hata chumba cha mita. Kebo zilikatwa ili mhandisi afukuzwe kwa kazi mbovu, arudi Miasenyi, azalie huko, na asijulikane.

Kila mtu alimtazama Mwanabibi. Kumbuka, msomaji, kwamba mtoto huyo akizaliwa hata fungu la Mwanabibi mwenyewe lingepungua. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

"Uliponambia habari za mwanamke huyu," Mwanabibi alimwambia shemeji yake, "hukusema hawara. Ulisema mke. Ulisema wewe mwenyewe ulishuhudia, na ukaapa."

Munir alifungua kinywa.

"Ni mke mwenzangu," Mwanabibi akasema, sasa akimwelekea Wendy, kama anayemtambulisha mgeni. "Na mtoto ni wa mume wangu. Sasa tuwaache mafundi wafanye kazi."

Munir alitafuta uso mmoja wa kumuunga mkono kwenye ngazi ile, akaukosa. Aliomba ufunguo wa gari lake. Mwanabibi aliutoa kwenye pete, akampa huo peke yake, zile funguo nyingine akazitia kwenye mkoba.

Wanza alirudi kazini. Sijui wewe ungefanya nini. Yeye alifanya hivyo. Katika mchoro wake aliacha kebo ya akiba kila ghorofa, imeviringwa ukutani, na Munir alikuwa amemlaumu mara nyingi kwamba anaharibu mali. Sasa Sylus aliivuta ile akiba mpaka ncha zilizokatwa zikakutana mezani, akateremsha mashine, akaiweka tayari. Wakaanza na nyuzi za benki. Wanza alimenya ganda, akapangusa kioo kwa spiriti, akakata ncha, akalaza, akafunga kifuniko. Cheche. Akachukua uzi mwingine. Wendy alivuta kiti, akakaa karibu, akaacha kutazama saa yake.

Njia ya mashariki ilipita. Ya magharibi ikapita. Wendy alimwomba Wanza achomoe moja makusudi, aone kama nyingine itabeba. Wanza alichomoa. Kule ghorofa ya nne, taa za kijani kwenye mtambo hazikuyumba. Wendy alisema kwa upole kwamba atawaambia wakubwa wake wahamie, na kwamba yeye angependa kujua ni nani anayemiliki funguo kuanzia leo. Sylus akajibu kwamba ni Bi Mwanabibi, na hakuna aliyebisha.

Lilikuwa jambo la kufurahisha. Mafundi walipeana mikono. Wanza alipewa mkono na wote, akaushika wa kila mmoja, akaona kuwa ni mikono yenye joto, basi.

Alipokuwa akipanga vifaa vyake, Mwanabibi alikuja akasimama karibu naye.

"Una mimba," alisema. "Basi eda yako haijaisha. Yangu ilikuwa miezi minne na siku kumi. Yako ni mpaka ujifungue."

Wanza hakuwa amelifikiria hilo.

"Mjane hakai kwenye ngazi za jengo. Na Munir anajua nyumbani kwa mama yako. Leo utalala kwangu."

Wanza alitaka kusema atalala kwa mama yake, kama siku zote. Lakini kusema hivyo kulihitaji kutaka kitu, naye hakutaka kitu. Alimwachia Sylus nyuzi zilizobaki, akambebea Mwanabibi mkoba wake kwa adabu, wakateremka.

Mwanabibi aliendesha mwenyewe. Walipita soko, wakapita vijana wa bodaboda. Kisha Wanza aliuliza swali lililokuwa likimzunguka tangu pale kwenye chumba cha mita.

"Munir alikwambia lini?"



"Siku ile ile ya ajali. Mchana. Alikuja akakaa barazani, akanambia mume wangu hayuko Mombasa, yuko Miasenyi kwa mkewe. Nikampigia simu." Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Nikamwambia nimeanguka bafuni. Nikamwambia siwezi kuinuka, aje upesi. Sikuwa nimeanguka."

Wanza alimwona tena Mwinyihaji akitoka nje na simu sikioni, akirudi na uso mwingine, akitafuta kiatu chini ya meza. Sahani ya ndengu ilikuwa haijaisha. Ni muda mfupi tu uliokuwa umepita tangu amwambie ana mimba, na mume yule mtu mzima alikuwa amefunika uso kwa kitambaa cha meza akacheka.

Alitafuta hasira. Aliitafuta kweli, kama mtu anayepapasa mfukoni. Mwanamke aliyeketi kando yake alikuwa amemwita mume wake kwa uongo, na mume wake alikuwa amekimbia kuja kufa. Alijiambia hivyo kwa maneno yaliyo wazi. Maneno yalibaki kuwa maneno.

"Alipotoka kwenye simu," Mwanabibi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "alisema nini?"

Wanza angeweza kudanganya. Ingekuwa huruma.

"Alisema atakwambia siku hiyo hiyo. Habari ya mtoto. Alisema hataki uisikie kwa watu."

Mwanabibi aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeelekezwa njia. Hakulia. 

Hapo simu ya Wanza ikatikisika mapajani. Ujumbe ulikuwa wa Munir.

"Najua uko garini mwake. Mimi siku ile nilikuwa nimekaa barazani kwake, nilisikia. Alimpigia kaka mara ya pili, kaka akiwa njiani. Muulize alikuwa akimwambia nini gari lilipogonga."

Wanza aliusoma mara mbili. Akaigeuza simu kifudifudi. Kitu kilikuwa kimesogea chini ya mbavu zake, na kwa mara ya kwanza kwa miezi hakuwa na hakika kama ni mtoto.

Aliinua macho. Njia ya kwenda Kaloleni, nyumbani kwa Mwanabibi, ilikuwa mbele yao upande wa kushoto. Kisha ilikuwa kando yao. Kisha ilikuwa nyuma.

"Bi Mwanabibi," alisema, "tumepita."

"Najua."

Gari liliingia barabara kuu, likashika upande wa Mombasa, nyuma ya msururu wa malori.

"Mimi nilikuwa edani, sikupaona," Mwanabibi alisema, macho mbele. "Kwanza nataka unionyeshe mahali penyewe alipofia."

Na akatoka nyuma ya lori la kwanza ili alipite, akakanyaga mafuta.